Banda la Nailoni na Faida ya Tatu ya Miti

Kwa muda wa miaka 38 niliyoshika chaki, swali moja halikukosekana katika mitihani yangu ya Sayansi: "Taja faida tano za miti." Majibu niliyataka kwa mpangilio, kama nilivyoyaandika ubaoni na kama darasa zima lilivyoyaimba kwa sauti. Kwanza, hutupatia mbao na kuni. Pili, huzuia mmomonyoko wa udongo. Tatu, hukinga upepo. Nne, hutupatia matunda na dawa. Tano, hutupatia kivuli. Mtoto aliyeisahau mojawapo nilimkata alama mbili kwa wino mwekundu, wala sikumhurumia. Katika sura hii nataka kueleza jinsi mimi mwenyewe, nikiwa na umri wa miaka 67, nilivyoisahau faida ya tatu, na ni nani aliyekatwa alama kwa kosa langu.

Msomaji asiyepafahamu Makambako hana budi aelezwe kwanza juu ya upepo wake. Mji wetu uko kwenye njia panda, ambapo barabara ya Songea huiacha barabara kuu ya Mbeya, na reli ya TAZARA hupita papo hapo. Tuko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Kuanzia mwezi Juni hadi Oktoba upepo hutoka kusini-mashariki siku baada ya siku. Asubuhi huwa shwari. Ifikapo saa nne huanza kunong'ona. Saa nane mchana huwa unavuma kweli kweli, na vumbi la barabarani huingia hata katika kabati la vyombo. Ni ndugu wa upepo ambao watu wa pwani huuita kusi, uliowarudisha manahodha wa majahazi Arabuni na Bara Hindi baada ya kaskazi kuwaleta. Kule pwani ulijenga miji na biashara. Huku kwetu huezua mabati.

Mwaka 1991, nilipokijenga kibanda changu cha kwanza katika kiwanja hiki, nilipanda safu mbili za misindano kwenye mpaka wa kusini-mashariki, jumla miche 140. Niliipanda kwa ajili ya mbao. Nilipostaafu mwaka 2009 ilikuwa imekwisha kuwa miti mikubwa, na mimi na mke wangu tulikubaliana kwamba hiyo ndiyo akiba yetu. Binti yetu alipofariki na kutuachia mtoto wa kike, akiba ile ikapata mwenyewe. Mjukuu huyo alimaliza kidato cha nne mwaka 2015, akapata nafasi katika chuo cha uuguzi, na masomo yalikuwa yaanze mwezi Septemba mwaka 2016. Miti ilikuwa ndiyo karo yake.

Sasa sikiliza hesabu za mzee aliyejiona mwerevu. Miaka ile nililima nyanya katika bustani nyuma ya nyumba, na kila mwaka nilishindwa. Mvua zikinyesha bakajani iliunguza majani kana kwamba mtu ameyamwagia maji ya moto. Mvua zikikatika baridi ya Juni na Julai ilidumaza miche. Halafu ikaja habari ya kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye hutoboa jani na tunda bila kujali dawa. Ndipo akaja kijana mmoja wa kampuni fulani ya mjini, amevaa shati jeupe na kushika karatasi zenye picha. Akanionyesha banda kubwa la nailoni, lile ambalo wataalamu huliita kitalu nyumba na vijana huliita grinihausi. Mita 8 kwa 15, urefu wa mita 4 katikati, na nyanya ndani yake zimepanda juu ya kamba kama mizabibu. Akanipigia hesabu ya kreti kwa kreti. Kwa hesabu yake, banda lingerudisha fedha yote katika msimu mmoja na kuacha karo ya miaka mitatu.

Bei yake ilikuwa shilingi milioni 4 na laki 8. Misindano ilifikia milioni 5 na laki 6. Nilimwambia mke wangu kwamba tukilipa karo moja kwa moja fedha itakwisha, bali tukinunua banda fedha itazaa. Yeye aliendelea kuchambua maharage katika ungo, kisha akauliza swali moja tu: "Mwalimu, hiyo miti ikiondoka, nguo zangu nitaanika wapi?"

Nilicheka. Nilidhani anazungumzia mahali pa kufungia kamba. Nikamwambia nitamchimbia nguzo mbili za kuanikia. Hakusema zaidi. Leo najua kwamba lile lilikuwa ndilo swali la kitaalamu kuliko yote yaliyoulizwa juu ya banda lile, nami nililijibu kama mtu asiyekwenda shule. Mwenzangu alikuwa ameanika nguo katika kiwanja hicho kwa miaka 25. Alijua kwamba nyuma ya misindano shuka hukauka mahali pake, na kwamba hatua chache nje ya kinga ya miti shuka huokotwa kwa jirani.

Miti ilikatwa mwezi Aprili. Banda likasimama mwezi Mei, jeupe, linang'aa, na watu wakija kulitazama wakidhani ni kanisa. Nguzo zake zilikuwa mabomba membamba yaliyoingizwa ardhini kiasi cha urefu wa mkono mpaka kiwiko, bila zege. Mlango wake mkubwa ulitazama kusini-mashariki, kwa sababu huko ndiko iliko njia. Mwezi Julai nyanya zilikuwa zimefika kifuani, zimetoa maua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mwezi Agosti, saa tisa alasiri. Mjukuu alikuwa ndani akifunga kamba za nyanya, na mlango aliuacha wazi ili apate hewa. Nilikuwa barazani. Nilisikia mlio kama wa tanga linalojaa, kisha nikaona paa linavimba. Nilimwita kwa jina, akatoka mbio. Alipofika kwenye kisima, upande mzima wa mashariki uling'oka, mabomba yakatoka ardhini kama karoti, na banda likainuka. Sisemi lilianguka. Liliinuka, likapinduka juu ya uzio, likajikunja katika shamba la mahindi la jirani. Nyanya zilibaki zimelala chini zote kuelekea upande mmoja. Kitu kizima kilichukua muda mfupi kuliko kusali Baba Yetu.

Niliiandikia kampuni barua kali. Ilinijibu kwamba upepo ni kazi ya Mungu na haumo katika mkataba. Nilikasirika miezi mingi, na kwa sehemu nilikuwa na haki. Lakini hasira haikulipa karo. Septemba ilifika, wenzake wakaenda chuoni, na mjukuu wangu akabaki nyumbani. Alikaa mwaka mzima. Hakunilaumu kwa neno moja. Alichota maji, alipika, na jioni alisoma upya daftari zake za Biolojia kwa mwanga wa taa. Nilitamani angenilaumu.

Mwalimu akishindwa jambo hurudi katika vitabu. Mimi nilifundisha Historia kuliko somo lolote, na nikajiuliza kama watu waliopata kukuza mimea chini ya kioo na nailoni walipambana vipi na hali ya hewa. Nilichokipata nakieleza kwa kifupi, kwa maana kiliniondolea kiburi.

Habari za kale kabisa nilizozipata ni za Roma. Mwandishi Plinio Mkubwa anasimulia kwamba Kaisari Tiberio, aliyetawala tangu mwaka 14 hadi 37 baada ya Kristo, alipenda matango kiasi kwamba yalimfikia mezani karibu kila siku. Watunza bustani wake waliyapanda katika vitalu vyenye magurudumu. Jua likiwaka waliviburuta nje. Siku za baridi waliviingiza chini ya vifuniko vya mawe yaliyopasuliwa kuwa vibamba vyembamba vinavyopitisha mwanga. Nilipoisoma habari hii nilistaajabia mawe hayo kwanza. Baadaye ndipo nilipoona kwamba jambo kubwa zaidi ni magurudumu. Hawakuiacha mimea isimame mbele ya hali ya hewa ipigane nayo.

Miaka mingi baadaye wafalme wa Ulaya walitaka kula machungwa katika nchi zenye barafu. Huko Versailles, Ufaransa, msanifu majengo Jules Hardouin-Mansart alimjengea mfalme Louis wa 14 nyumba ya michungwa kati ya miaka 1684 na 1686. Nyumba hiyo ipo hadi leo. Haikuwekwa juu ya kilima ili ionekane. Imezamishwa chini ya uwanja wa jumba la mfalme, kuta zake ni nene mita kadhaa, na madirisha yake hutazama kusini, ambako ndiko jua la nchi zile hutokea. Upepo wa kaskazini haukuwa na mahali pa kuishika. Karibu na Paris, katika kijiji cha Montreuil, wakulima wa kawaida wasiokuwa na fedha za kioo walijenga kuta ndefu, wakaipanda mipichi ikiegemea ukuta wenye joto. Walipata matunda mazuri kwa ukuta peke yake, bila kioo hata kimoja.

Halafu kuna kisa cha daktari Nathaniel Bagshaw Ward wa London. Mnamo mwaka 1829 aliweka buu la nondo ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu, akaifunika. Nondo hakuwa na maana tena alipoona kwamba ndani ya chupa imeota kangaga, mmea ambao ulimfia daima bustanini kwa sababu ya moshi wa makaa ya mawe. Akatengeneza masanduku ya kioo yaliyofungwa. Mwaka 1833 mawili yalipelekwa Australia juu ya sitaha ya meli, na mimea ikafika hai. Kabla ya hapo mimea iliyosafirishwa baharini ilikufa kwa wingi kwa upepo wa chumvi. Masanduku hayo ndiyo yaliyobeba miche ya chai kutoka China kwenda India, na mwaka 1876 miche ya mpira iliyooteshwa Kew, Uingereza, kwenda Ceylon. Hata sisi tunajua maana ya safari kama hizo. Mkonge wetu uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf kutoka Florida kwa njia ya Hamburg. Yalitoka machipukizi 1,000. Yaliyofika Tanga yakiwa hai yalikuwa 62, na kutoka kwa hayo 62 yakaja mashamba yote ya Tanga na Morogoro.

Mwaka 1845 Uingereza ilifuta kodi ya kioo, na nyumba za kioo zikaanza kushuka kutoka kwa wakuu hadi kwa watu wa kati. Joseph Paxton, mtunza bustani aliyezoea kujenga nyumba za mimea, ndiye aliyebuni Jumba la Kioo la London lililofunguliwa tarehe 1 Mei 1851, lenye urefu wa zaidi ya nusu kilometa. Wengi walitabiri kwamba upepo utalibomoa. Halikubomoka, na sababu mojawapo ni fimbo za chuma zilizokingamana kama herufi X kati ya nguzo, ambazo ziliizuia fremu isiyumbe. Lilipohamishiwa Sydenham lilijengwa juu ya kilima, na mwaka 1861 dhoruba iliangusha sehemu ya ubawa wake wa kaskazini. Jumba zima liliteketea kwa moto mwaka 1936.

Nailoni yetu ni mtoto wa karne ya 20. Mwaka 1933 wanakemia wawili wa Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett, walikuta nta nyeupe katika chombo chao cha majaribio. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa plastiki ya mifuko na ya mabanda. Mwaka 1948, profesa Emery Myers Emmert wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, hakuwa na fedha za kununulia kioo, akafunika fremu ya mbao kwa karatasi angavu ya plastiki. Kutokana na ufukara huo wa profesa mmoja, leo mtu mwenye eka moja Makambako anaweza kumiliki kitu ambacho zamani kilikuwa cha Kaisari.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Kitu kimoja kilikuwa kimenitazama muda wote. Kaisari alikuwa na magurudumu, Louis alikuwa na kuta na uwanja juu yake, watu wa Montreuil walikuwa na kuta tupu, na Paxton alikuwa na chuma. Kila mmoja alianza na kinga, kisha akaweka kioo. Mimi niliiuza kinga ili ninunue kioo. Nilidhani banda ndilo linalokinga, kumbe banda nalo hukingwa.

Mwaka 2017 nilimwita fundi wa kuchomelea, mwanafunzi wangu wa miaka ya themanini, aje anunue mabomba yaliyopinda kama chuma chakavu. Alinipa shikamoo, akazunguka kiwanja, kisha akasimama pale palipokuwa na misindano. Visiki vilikuwa bado vipo. Akasema, "Mwalimu, uniwie radhi. Hapa naona faida ya tatu imekatwa." Mke wangu, aliyekuwa mlangoni, alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu Agosti ile.

Hakuyanunua mabomba. Alisema yaliyonyooka yanatosha kujenga banda dogo, mita 4 kwa 8, lisilozidi mita 2 na nusu katikati. Nikamwambia dogo halitalipa. Akanijibu, "Dogo litakuwepo. Kubwa lilikuwepo?" Ndipo tukaanza kazi, na nataka nieleze hatua zake kwa faida ya mstaafu mwingine anayepigiwa hesabu za kreti.

Kwanza ni kuujua upepo wenyewe. Upepo ukizidisha kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Upepo wa kilometa 72 kwa saa husukuma kila mita ya mraba iliyosimama mbele yake kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 24. Tena unapopita juu ya paa la mviringo hulivuta juu, kama unavyolibeba bawa la ndege. Na ukiingia kwa mlango ulio wazi, hulisukuma paa hilo kutoka ndani. Kwa banda dogo kama letu mvuto huo waweza kuwa mamia ya kilo, wakati nailoni yote inayolifunika haifiki kilo 20. Nyumba ya kuishi tunaichimbia msingi isididimie. Banda la nailoni tunalichimbia msingi lisiruke. Kampuni ile ililijenga langu kana kwamba lingezama.

Kwa hiyo fundi alichimba mashimo ya sentimeta 75. Chini ya kila bomba alichomelea kipande cha nondo kikae kwa kukingama, kisha akamwaga zege, ili bomba lisichomoke bila kung'oa zege lote na udongo ulio juu yake. Katika pembe zote nne aliweka mabomba ya mshazari. Nilimwambia kwamba hayo ndiyo ya Paxton. Akaniambia kwamba yeye huyaweka hata katika banda la kuku.

Pili ni uelekeo. Banda la kwanza liliupa upepo ubavu wake wa mita 15. Hili la sasa linaupa kichwa chake chembamba cha mita 4, na mlango uko upande wa pili, upepo unakoelekea. Kando mbili za chini hazina nailoni bali neti ya wadudu, yenye pazia la kukunja. Hewa hupita taratibu, joto hutoka, na kantangaze hubaki nje.

Tatu ni kufunika. Nailoni nzuri ni ile ya maikroni 200 iliyotiwa dawa ya kuhimili jua. Ya bei rahisi hupasuka mwaka wa kwanza. Tulifunika asubuhi tulivu yenye jua, nailoni ikiwa imelegea kwa joto, tukaivuta kwa mikono ya watu sita. Jioni ilipopoa ilikaza yenyewe. Inayolegea hupigapiga, na inayopigapiga huchanika. Ncha zake zote tulizizika katika mtaro wa nusu mita, tukarudishia udongo, tukamwagia maji na kuushindilia. Mahali ambapo nailoni hugusa bomba tulizungushia kitambaa cheupe, kwa maana chuma kikipata jua huunguza plastiki. Juu yake, kati ya tao na tao, tulipitisha kamba. Nilitaka kamba za katani kwa heshima ya yale machipukizi 62, lakini zilikwaruza nailoni. Tukatumia mikanda iliyokatwa kutoka katika tyubu za magari, ambayo huvutika upepo ukija na kurudi ukiondoka.

Nne ni kinga, ambayo ilipaswa kuwa ya kwanza. Hapa nilitaka ukuta wa matofali, kama Montreuil. Fundi alikataa, na baadaye nikasoma kwamba alikuwa na haki. Ukuta mzito usiopitisha kitu huurusha upepo juu, nao hushuka nyuma yake kwa kuzungukazunguka na kupiga kwa ghafula. Kinga bora ni ile inayopitisha karibu nusu ya upepo na kuupunguza kasi. Hiyo hutuliza hewa hata kwa umbali wa mara kumi ya urefu wake. Tulipanda mabingobingo kwanza, kwa kuwa katika msimu mmoja hufika juu ya kichwa cha mtu. Nyuma yake tulipanda safu mbili za misindano na migrevilea, tukaacha mita 15 hadi bandani ili mizizi isije kugombea maji. Kwa kuwa miti iko kusini-mashariki, na miezi ya baridi jua letu huwa kaskazini, kivuli chake hakiangukii nyanya.

Tano ni desturi ya kila siku. Mlango hufungwa kabla ya upepo, yaani saa tatu na nusu asubuhi, hata kama hewa imetulia kama maji mtungini. Baada ya kila siku ya upepo mkali nazunguka banda nikikaza mikanda. Kazi hiyo haizidi robo saa.

Msomaji atauliza kama banda hili lililipa. Mita 32 za mraba hazimtajirishi mtu. Mwaka wa kwanza tulipata nyanya za kula, za kugawia majirani, na za kuuza sokoni kiasi cha kununulia saruji iliyotumika. Karo ya mjukuu haikutoka humo. Ilitoka kwa kuuza nusu ya shamba langu la urithi, jambo ambalo nilikuwa nimeapa sitalifanya. Alianza chuo Septemba mwaka 2017, akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja, na sasa ni muuguzi. Mwaka ule sikuweza kumrudishia. Nilipomwomba radhi aliniambia, "Babu, mimi nilitoka mlangoni kabla halijaruka. Hilo ndilo ninalolikumbuka." Nami kusema kweli hilo ndilo linaloniamsha usiku mpaka leo: si milioni zile, bali zile hatua kati ya mlango na kisima.

Katika historia ya nchi yetu upepo umewahi kutukumbusha kwa ukali zaidi. Mwezi Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, huku Pemba ikisalimika. Baada ya hapo ni Pemba iliyoshika nafasi ya kwanza katika karafuu. Siku moja ya upepo ilitosha kuhamisha utajiri wa kisiwa kimoja kwenda kingine. Nilikuwa nikilifundisha jambo hilo kama tarehe ya kukariri. Sikuwahi kuwauliza watoto wale waliopoteza mikarafuu walifanya nini kesho yake asubuhi. Nadhani walifanya tulichofanya sisi: walitafuta miche.

Misindano mipya sasa imepita paa la nyumba. Sijaifanyia hesabu ya mbao, wala sitaifanyia. Nimeiandika katika wosia kwamba isikatwe yote kwa wakati mmoja, bali safu moja ibaki mpaka nyingine iwe imekua. Nguzo mbili nilizomchimbia mke wangu zimesimama upande wa ndani wa miti, mita chache kutoka bandani. Alasiri ya upepo, ninapotaka kujua kama kinga inafanya kazi, sina haja ya kuingia bandani. Natazama kamba ya nguo. Shuka zikitikisika tu bila kuruka, narudi barazani kuendelea na gazeti langu.